Ndoyi wa Papa Makayabo

Kwa miaka ishirini na tano nimekuwa na waume wawili hapa Kisangani, na padri anajua. Wa kwanza ni Philippe Kambale, Mnande wa Butembo kama mimi, mwenye depo ya makayabo, samaki wa chumvi, katika komini ya Tshopo. Yeye nilifunga naye ndoa kanisani. Wa pili ni msichana.

Msijishike vichwa, nitaeleza. Msichana huyo ni Vicky, Mlokele, watu wake ni wa Yanonge, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa ameandikwa Kambale kwa sababu alipewa jina la mume wangu. Huku kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, umewafanya kuwa mtu mmoja. Wanaitana ndoyi mpaka kaburini. Watoto wa yule mkubwa wanamwita yule mdogo papa, hata kama bado ananyonya, na mke wa mkubwa anamwita mdogo mume wangu na kumshtaki mbele za watu kwamba haleti chakula nyumbani. Kazi hiyo nimeifanya kwa bidii. Vicky alipokuwa na miaka minne nilimsimamisha mbele ya wateja nikamuuliza kwa nini jana hakurudi kwa mke wake, akalia machozi. Mwanangu Franck, mwenye ndevu na watoto watatu, mpaka leo akimkuta njiani anavua kofia na kusema, "Mbote, papa."

Jina hilo lilipatikana hivi. Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni yalikuja kupigana hapa mjini kwetu siku sita, kana kwamba kwao hakuna uwanja. Chantal, mama yake Vicky, alikuwa akiuza samaki wa kukausha mbele ya depo yetu. Mabomu yalipoanza aliingia ndani na tumbo lake la miezi tisa, Philippe akafunga mlango, tukakaa. Siku ya nne uchungu ukamshika, pale pale katikati ya makasha ya makayabo.

Mimi ndiye niliyemzalisha, kwa mikono hii, na mkasi wa kukatia kamba. Philippe alikuwa na kazi moja tu, kushika beseni. Alilishika vizuri mpaka kichwa cha mtoto kilipotokea, kisha yeye na beseni wakaanguka pamoja. Alipozinduka, Chantal alimtazama kwa huruma, akasema mtoto ataitwa Kambale, kwa sababu huyu papa ndiye aliyetufungulia mlango wake. Ni kweli, mlango ulikuwa wake. Mimi nilikuwa na mikono tu.

Sasa, kwetu Wanande majina hayo hayachaguliwi, yanafuatana. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Wasichana nao wana yao. Ukitaja jina lako, mtu wa Butembo anajua mara moja wewe ni wa ngapi kwa mama yako. Chantal hakujua hayo, angeyajulia wapi, akampa mtoto wake wa kwanza, tena wa kike, jina la mvulana wa pili. Nilifungua mdomo nimweleze. Philippe, ambaye bado alikuwa amelala sakafuni na maji ya beseni kifuani, alinifinya mguu kwa nguvu, nikafunga mdomo. Kwa hiyo kosa ni lake. Naliandika hapa wazi ili asije akalikana.

Alimpenda mtoto huyo kuliko kiasi. Kila mwaka mpya alimshonea nguo ya kitambaa kile kile alichoshonewa yeye, wakatembea barabarani wakiwa shati moja la maua, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Baba yake Vicky, Henri, aliyekuwa mwendesha mashua ya injini mpaka Isangi, alikuwa anacheka tu. Ugonjwa ulimchukua Henri wakati Vicky ana miaka kumi na moja. Baada ya hapo Philippe alianza kupita kwa Chantal kila Jumapili baada ya misa, eti kumjulia hali ndoyi wake, na kurudi nyumbani kimya.

Vicky naye alilibeba jina lake kama watu wanavyobeba mzigo wa rafiki, bila kulalamika. Kwenye mtihani wa taifa aliitwa monsieur. Chuo kikuu, wanafunzi walipopelekwa msituni Masako kuhesabu panya, waliopanga orodha walimweka kwenye hema la wanaume. Alisimama nje ya hema na godoro lake kichwani mpaka profesa akapita. Alitusimulia akicheka, nasi tukacheka, Philippe zaidi ya wote. Aliona ni heshima.

Kisha akaja Ezéchiel.

Ezéchiel anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko kuu. Kijana mpole, anavaa miwani, anamsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo kwa mwanaume ni nadra. Ni Mnande. Ni mtoto wa tatu. Mmekwisha kuhesabu wenyewe: anaitwa Kasereka. Vicky alipomleta kwetu nilipiga vigelegele, nikawatangazia majirani kwamba mume wangu anaolewa na mwanaume mwingine, na kwamba mimi mwenyewe ndiye nitakayepika.

Huko Butembo kaka yake Ezéchiel akatengeneza kadi ya mwaliko. Kwetu tunaanza na jina la kuzaliwa, la ubatizo linafuata nyuma, na aliyechapisha, kwa kutafuta nafasi ya maua, akalikata la ubatizo na kubakisha herufi moja. Kadi ikatoka: "Ndoa ya Kasereka E. na Kambale V." Ikarushwa kwenye WhatsApp asubuhi. Kabla ya saa sita mchana Butembo nzima ilikuwa na habari kwamba wana wawili wa Mama Kaswera, wa pili na wa tatu, wanaoana wao kwa wao.

Kwa maana Mama Kaswera, mama yake Ezéchiel, anaye pia Kambale wa kuzaa mwenyewe. Mke wa huyo Kambale alipiga simu kutoka Kasindi akiuliza tangu lini ameachwa. Katekista alipita nyumbani kwa mama huyo kwa upole sana, akaomba glasi ya maji, akauliza kama kuna jambo ambalo familia ingependa kusali pamoja. Mama Kaswera akanipigia mimi.

"Mama Franck, nisikilize muzuri," alisema. "Mie niko na Kambale, niko na Kasereka, nilibazaa bote mie mwenyewe. Sasa padri atasimama Jumapili tatu mbele ya parokia, asome Kasereka na Kambale? Hapana! Huyu binti nitamupenda, sina neno naye. Lakini ile jina, abadilishe kwanza. Kama hapana, ndoa haiko."

Nilicheka nikiwa nimeziba simu kwa mkono. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Philippe.

Vicky alimwambia mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikuja saa ya chakula, nikawa nimepika lituma, ndizi za kuponda, na samaki, Philippe anakula.

"Ndoyi, niko na neno," alisema.

"Sema, ndoyi."

"Ninaenda ku tribunal kuomba kubadilisha jina. Nitakamata ile ya nkoko yangu wa Yanonge, mama ya papa Henri, Bolinda."

Philippe aliweka tonge la lituma chini, polepole, kama mtu aliyesikia kitu kinaanguka chumba cha pili. "Alors, nilikukosea nini?"

"Haukunikosea hata kidogo."

"Batu banabadilisha jina kama wamekosewa, ao kama bameiba mahali. Weye umeiba?"

"Ndoyi, iko jina ya mwanaume. Ya mwanaume wa pili. Ulijua tangu zamani."

"Jina haina mwanaume!"

"Kule Masako balinipanga ku hema ya banaume, ndoyi."

Nilicheka, nisameheni. Philippe alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipouza redio yake. Akaosha mikono na kutoka. Kesho yake akamtafuta avoka, Maître Nicolas, akamwagiza aandike pingamizi.

Mnisikilize sasa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sheria yetu ya familia haimruhusu mtu kujibadilishia jina atakavyo, lazima aende mahakama ya amani akiwa na sababu ya haki. Philippe aliona hata huo mlango ni mpana mno. Alikalia kiti mbele ya depo wiki nzima akiwauliza wateja kama ni vizuri sheria imruhusu mtu kuacha jina lake. Wote waliotaka awachagulie makayabo manene walijibu kwamba si vizuri hata kidogo. Mwendesha pikipiki mmoja alikiri kwamba amebadilisha jina mara tatu, kila alipohama kanisa, na mchungaji wa mwisho amemwahidi la nne. Philippe alimshika mkono na kumwonyesha kwa watu kama kielelezo. Mama mmoja muuza majani ya pondu akasema yeye jina la mume wake wa zamani angelivua hata leo, na pesa angeongeza juu, akaondoka bila kununua.

Jioni nilimwekea maji ya kunawa nikamuuliza, "Papa Franck, mimi nilizaliwa naitwa nani?"

"Adeline."

"Na hapa Tshopo nani ananiita Adeline?"

Akatia mikono majini.

"Siku Franck alipozaliwa nikalala Adeline, nikaamka Mama Franck. Sikuona hakimu, sikuona avoka. Na wewe? Mji mzima unakuita Papa Makayabo. Hata bili ya umeme inakuja kwa Papa Makayabo. Mbona hukuweka pingamizi?"

"Ile iko jina ya kazi," alisema. Akakausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Mama Franck, weye hauelewi. Miye balishaninyanganya jina. Nilikuwa ku masomo, miaka kumi na ine. Mwalimu alikuja na bic nyekundu."

Hadithi hiyo naijua kuliko sala. Mwaka 1972 serikali ilipiga marufuku majina ya kizungu, na mwalimu wa Butembo akapitisha kalamu nyekundu juu ya Philippe mbele ya darasa zima. Kwa miaka mingi baba yake alimwita Philippe shambani tu, kwenye migomba, kwa sauti ya chini. Nimeisikia mara mia na huwa namsaidia kuimalizia kwa mzaha. Siku hiyo niliona anakausha tena mikono iliyokwisha kukauka, nikamwacha aimalize mwenyewe.

Lakini sikumwunga mkono. Nilimwambia serikali ilimnyang'anya, Vicky anaomba, na kuomba si kunyang'anya. Alisema kwa anayeachwa ni kitu kimoja. Tukalala tumegeukiana migongo, wazee wa miaka yetu.

Kesi ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi. Philippe alivaa suti ya harusi ya Franck. Vicky alikuja na mama yake Chantal na Tonton Lambert, mdogo wake marehemu Henri, aliyepanda mashua kutoka Yanonge kwa ajili hiyo. Ezéchiel alikuwepo pia, amekaa nyuma, anafuta miwani. Mimi sikujua nikae upande gani, nikakaa katikati, mahali pa mtu ambaye waume zake wanashtakiana.

Karani akaita, "Monsieur Kambale!"

Wakasimama wote wawili. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwatazama, akarudi kwenye karatasi, akawatazama tena.

"Kambale ni nani?"

"Ni miye," walisema pamoja.

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Vicky naye alicheka, na nikaona Philippe anamtazama na mdomo wake unataka kucheka, kisha anaukataza.

Vicky aliulizwa sababu. Alieleza bila kupamba: mtihani, hema la Masako, kadi ya mwaliko, simu ya kutoka Kasindi. Alipofika kwa katekista na glasi ya maji, hakimu alijifunika uso kwa faili, mabega yakatikisika. Kisha Vicky akasema, "Mama juge, hii jina ninaipenda. Lakini kila siku ninaanza kwa kueleza. Nimechoka kueleza. Ninataka mutu aniite, nami niitike, basi."

Hakimu akamgeukia Philippe. "Na weye papa, unakatalia nini?"

Philippe alitoa karatasi ya Maître Nicolas, yenye hoja saba. Akasoma ya kwanza, iliyosema jina ni nguzo ya utulivu wa jamii na hifadhi ya nyaraka za taifa. Akaanza ya pili. Katikati ya hoja hiyo alikoma kusoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Maître Nicolas alimvuta koti. Hakugeuka.

"Mama juge," alisema, "huyu mutoto alizaliwa mabomu inaanguka. Miye nilikuwa mwoga sana. Bibi yangu, huyu Mama Franck, anapenda kueleza batu vile nilianguka, ni kweli, nilianguka. Nilifikiri tunakufa bote. Alafu banasema, huyu ataitwa sawa weye. Nikasema bon, hata nikikufa, nimebakia. Sina damu naye. Sina kabila moja naye. Niko na jina tu. Akiitosha, akiivua ile jina, nitakuwa nani kwake? Nitakuwa mutu wa makayabo wa pale Tshopo. Ni ile tu niko nakatalia."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama mikono yangu. Kwa miaka ishirini na tano nimewachekesha watu na beseni lile, na hata siku moja sikumuuliza alikuwa anaogopa nini. Niliona aibu, nami huwa sioni aibu kirahisi.

Hakimu alifunga faili. "Papa," akasema, "hapa tunaandika majina na tunafuta majina. Ile swali yako, sina kitabu yake."

Akaamua kwamba sababu za Vicky ni za haki. Pingamizi likakataliwa. Tangu siku ile Vicky akawa Bolinda.

Uani, nje ya mahakama, walisimama wakitazamana. Vicky alifungua mdomo, nikaona neno ndoyi limefika kwenye meno yake, na limekwama pale. Philippe alisubiri. Neno halikutoka. Philippe akamwinamishia kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomfanyia mteja wa mara moja, akatangulia barabarani kutafuta pikipiki.

Wiki mbili hakusema maneno kumi. Alifungua depo, akafunga depo. Jumapili baada ya misa aligeuka kuelekea kwa Chantal kwa mazoea, akafika kona, akarudi. Chakula alikula nusu. Nilijaribu kumtania, nikamwambia sasa nimebakiwa na mume mmoja na huyo mmoja hasemi, itabidi nami niende mahakamani. Akasogeza sahani kando. Basi nikaacha utani, nikakaa tu karibu naye, jambo ambalo silijui vizuri.

Jumamosi ya tatu mlango ukagongwa. Alikuwa Tonton Lambert, na nyuma yake Vicky, na mikononi mwa Vicky kapu la samaki wa Yanonge waliokaushwa. Philippe aliwakaribisha kwa sauti ya dukani. Tonton Lambert hakutaka kukaa mpaka amesema lililomleta.

"Papa Philippe, siku ya mahari inafika. Henri alikufa, donc kiti ya baba ni yangu, miye ndugu yake. Lakini tangu zamani huyu mutoto ananisumbua, anasema ni weye anataka ukae pale. Nilimukatalia, kila mara. Nilimuambia, kwetu Balokele ndoyi ni mutu moja. Weye ni yeye, yeye ni weye. Mutu atajiozesha vipi yeye mwenyewe, na mbuzi akule yeye mwenyewe? Batu bangetucheka kuanzia hapa mpaka Isangi." Akashusha pumzi. "Sasa tribunal imebatenganisha. Muko batu wawili. Basi ninakuja kukuuliza, na miye ninasimama, ninakuachia kiti."

Philippe alimtazama Vicky. "Ulijua hii neno siku ya tribunal?"

"Nilijua."

"Na haukuniambia?"

"Ulikuja na avoka," alisema Vicky, na sauti ikamvunjika. "Nitasema namna gani mbele ya avoka?"

Philippe alisimama, akasema samahani, akaingia chumbani. Nilimfuata. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anajifuta uso kwa mfarishi.

"Ni vumbi," alisema.

"Chumba changu hakina vumbi," nikamwambia, nikamkumbatia.

Siku ya mahari ujumbe wa Butembo ulifika nyumbani kwa Chantal ukiwa na Mama Kaswera mbele, na msemaji wao, mzee mmoja mwenye kofia ya ngozi. Walokele walikaa upande mmoja wa uwanja, wote wameshona kitambaa kimoja cha buluu. Katikati yao, kwenye kiti cha baba, amevaa shati la buluu lililombana tumbo, alikaa mume wangu.

Mama Kaswera alisimama kwa mshangao. "Papa Philippe, umekosea kiti! Kuja huku, kwa batu yako."

"Sikukosea, mama. Ikaa."

Alikaa, lakini akaendelea kumchungulia. Mazungumzo yakaanza. Katikati, mzee mwenye kofia akamwinamia mwenzake akamnong'oneza kwa Kinande kwamba waanze na wale mbuzi wawili waliougua njiani, Walokele ni watu wa samaki, hawatajua mbuzi mgonjwa. Philippe akakohoa. Kisha akawatafsiria Walokele neno kwa neno, kwa sauti ya kusomea misa, na akaongeza kwamba kuna pia mbuzi wa tatu anayechechemea, amemwona alipokuwa anateremshwa. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Tonton Lambert alipiga mapaja. Hata Mama Kaswera alijifunika mdomo kwa kitenge.

Mzee mwenye kofia hakucheka. Alisimama, amekasirika kweli.

"Weye, Kambale! Weye ni Munande sawa sisi, unakaa na Balokele, unauza siri yetu. Weye ni nani kwa huyu binti? Hamuko kabila moja. Hata jina, karatasi ya tribunal tumeiona, haiko tena moja. Useme mbele ya batu bote, weye ni nani?"

Kicheko kilikufa. Niliogopa. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni wa kumwokoa, nikaumeza. Pazia la mlango, ambalo nyuma yake Vicky alikuwa anangoja kuitwa kama desturi inavyotaka, lilitikisika kidogo kisha likatulia.

Philippe hakusimama. Aliweka mikono miwili juu ya magoti, akamtazama yule mzee bila hasira.

"Ni kweli, jina yetu haiko moja," alisema. "Ni mutoto yangu."

Mzee alimtazama muda mrefu, kisha akavua kofia yake, akakaa. Nyuma ya pazia nilimsikia Vicky akilia, Chantal akimwambia asiharibu poda usoni, na Chantal mwenyewe akilia. Philippe aliwageukia Wanande wenzake.

"Sasa mulete mbuzi bale bazima," alisema.